Songoro na Mapacha Wabishi

Hapo kale, wanangu, wanyama walipokuwa wakipika uji na kufunga milango kwa komeo, palikuwa na pimbi kijana aitwaye Songoro. Aliishi kwenye majabali na mama yake na wadogo zake wawili, mapacha, Kidawa na Chande.

Lo, mapacha wale! Ukiwaambia kaeni, wanasimama. Ukiwaambia nyamazeni, wanagonga sufuria, ko! ko! ko!

Siku moja mama alikwenda kumuuguza dada yake. Songoro akabaki na watoto. Asubuhi nzima hawakumpa nafasi ya kupumua. Walitia mchanga kwenye unga. Walimvuta masharubu huku akipuliza moto.

"Niacheni nipike!" alifoka. "Na msitoke nje!"

Akainama kukoroga uji. Mara nyumba ikawa kimya. Kimya kile kilimtia baridi mwilini. Akageuka. Mlango wazi!

Alitoka mbio. Pale nje, juu ya jiwe bapa, alisimama Chui. Mguu mmoja umemkandamiza Kidawa, wa pili umemkandamiza Chande.

"Karibu, kijana," Chui alinguruma. "Watatu watanishibisha kuliko wawili."

Songoro alitupa jicho pembeni. Ufa wa jabali ulikuwa hatua mbili tu. Angejichomeka humo, angepona. Lakini Kidawa alikuwa akimtazama, macho yamemtoka.

"Shikamoo, mzee," Songoro alisema, akijikaza. "Mimi naihurumia ngozi yako tu. Hawa wana upele. Ukikupata, manyoya yote yanapukutika."

Chui alishtuka. Hakuna alichokipenda duniani kama madoa yake.

"Mwongo!" Chande akadakia. "Kaka mwongo! Sisi hatuna upele!"

"Ahaa!" Chui akacheka, akafungua kinywa. Meno hayo!

Songoro akawatazama wadogo zake. Watoto hawa, hata kifo kiko juu yao, bado wanabisha! Hapo hapo akili ikamjia.

"Haya, hamna upele," alisema kwa ukali. "Basi msijikune! Ole wake atakayejikuna mbele ya mgeni!"

Mapacha wakatazamana. Kidawa akachomoa mkono, akajikuna shingo. Kwaru! Chande naye tumbo. Kwaru, kwaru, kwaru!

Chui akalegeza miguu kidogo.

"Acheni! Na msithubutu kujisugua kwa mzee Chui!"

Weee! Waliikumbatia miguu ya Chui, wakajisugua mashavu, wakajisugua migongo, wakajisugua mpaka masikio.

"Tokeni! Tokeni kwangu!" Chui aliruka kando. Tayari alihisi mwasho mgongoni. Akatimua mbio, anakimbia anajikuna, anabiringika kwenye nyasi, anainuka, anakimbia tena, mpaka akapotea bondeni.

Songoro aliwabeba wote wawili, akaingia ndani, akapiga komeo. Ndipo nguvu zikamwisha. Akakaa chini, puu!

"Kaka," Chande aliuliza taratibu, "mbona unatetemeka?"

"Niliogopa," Songoro alisema. "Nilidhani nimewapoteza."

Chande akasogea, akamshika mkono. Kidawa akamwegemea kaka yake, akalia kwa kwikwi, na Songoro akampangusa kamasi kwa kiganja.

Basi mjue, wanangu: Chui alikuwa na nguvu, lakini Songoro aliwajua wadogo zake, na hiyo ndiyo akili iliyowaokoa.