Mikwaruzo ya Mlango wa Dereva

Sogeeni, wakubwa kwa watoto. Mwenye haraka aende zake salama, maana hadithi hii nimeibeba muda mrefu na jibu lake sijalipata. Leo nawatwisha nyinyi.

Palikuwa na mafundi watatu pale Ngamiani, Tanga, na kazi yao ilikuwa moja: kung'arisha rangi za magari. Kingazi alikuwa na jicho. Akilimulika gari kwa taa, hata mkwaruzo mwembamba kuliko unywele haukumpita, na angekuambia huu wa tawi, huu wa tambara chafu, huu wa kucha za paka. Stamili alikuwa na vidole. Alipapasa bati akajua rangi iliyobaki ni nene ya kustahimili mashine au imekwisha, na neno lake, "inatosha" au "acha," halikupingwa. Mhina alikuwa na mkono. Mashine ya polishi ilimtii, na alipopita yeye ulijiona uso wako.

Walikuwa na mwiko mmoja, nao ndio uliowaponza: fundi hamuulizi mwenye gari. Kuuliza, walisema, ni kukiri kwamba kazi huijui. Watu na miiko yao!

Siku moja akaja Bi Mwantumu, mjane wa Mzee Semboja, na Benzi jeusi la marehemu. Rangi ilikuwa imefifia na kujaa mistari kila upande, na rangi nyeusi, mnajua wenyewe, haisitiri kitu.

"Shikamoo, mama," wakamwamkia.

"Marahaba, wanangu. Binti yangu anaolewa. Baba yake hayupo wa kumsindikiza, basi nataka aende na gari lake, ling'ae kama siku alipolinunua. Na yule ambaye kazi yake itazidi ya wenzake, ndiye nitakayempa funguo amwendeshe bibi harusi."

Kumwendesha bibi harusi mbele ya mji mzima! Kila mmoja akajiona keshashika usukani.

Kingazi akaanza. Akamulika gari zima, akabandika kipande cha tepu penye kila kasoro, kuonyesha pa kung'arisha. Alipofika mlango wa dereva akasita. Kuzunguka tundu la ufunguo palikuwa na mikwaruzo mingi, mifupi, imepandana. "Hii ni ya ufunguo," akajisemea. "Mtu alikuwa analitafuta tundu, halipati." Akabandika tepu, akaendelea na kazi.

Stamili akafuata. Kwenye mlango ule vidole vyake vikakuta jambo: juu ya mikwaruzo ile palikuwa laini, pa kupapaswa na mkono wa mtu mara kwa mara. "Kuna mtu anapagusa sana hapa," akawaza. Lakini yeye alikuwa anatafuta unene wa rangi, na rangi ilikuwepo. "Inatosha," akasema.

Mhina akawasha mashine. Yeye alikuwa akiswali msikiti mmoja na Mzee Semboja, na alikuwa ameiona mikono ya mzee ilivyotetemeka miaka ya mwisho, hata tasbihi ikimponyoka. Alipoinama pale mlangoni akamkumbuka, akasema moyoni, "Mungu amrehemu." Kisha akapitisha mashine, na mikwaruzo ikaondoka yote.

Mnaona? Mmoja alijua ilivyotokea, wa pili alijua kuna anayeipapasa, wa tatu aliujua mkono uliotetemeka. Laiti wangekaa wakanywa chai pamoja na kusimuliana! Lakini nani amsimulie mwenzake, na funguo ni za mmoja tu?

Bi Mwantumu aliporudi, mawingu yalikuwa yanaonekana kwenye boneti kama kwenye kioo. Akalizunguka gari akitabasamu, akapiga na kigelegele. Kisha akanyoosha mkono kwenye mlango wa dereva, kama mtu anayemsalimia mwenzake. Mkono ukateleza. Akapapasa tena. Akainama kutazama, akajiona mwenyewe.

"Iko wapi?" akauliza. "Mikwaruzo ya mume wangu iko wapi?"

Akawageukia mafundi, kidole bado kiko mlangoni.

"Mkono ulipoanza kumtetemeka, kila akifungua gari alikuwa anakwangua hapa. Nami nikimfokea mbele ya watu: 'Mume wangu, unafungua gari au unakuna nazi?' Mpaka siku moja akanikabidhi funguo, akasema, 'Fungua wewe, mkono wako umetulia.' Hakuliendesha tena. Tangu afariki, kila asubuhi naja naweka kidole hapa, namwomba radhi."

Stamili akalia waziwazi. "Mama, mbona hukutuambia?"

"Niliona haya, mwanangu. Na nilidhani mtaniuliza."

Inauma, jamani. Hata mimi ninayesimulia inaniuma.

Bi Mwantumu akajifuta uso kwa ncha ya kanga. "Harusi iko palepale," akasema, "na ahadi ni deni. Mmoja wenu ataliendesha. Lakini sitaangalia tena nani kang'arisha zaidi. Funguo nitampa aliyenikosea kidogo kuliko wenzake. Haya, semeni."

Kingazi akasema, "Nisamehe, mama. Niliona kwamba ni ya ufunguo, nikanyamaza. Lakini rangi sikuigusa."

Stamili akasema, "Nisamehe, mama. Nilihisi kuna mtu anapapasa pale, nikanyamaza. Lakini nilisema rangi inatosha, sikusema iondolewe."

Mhina akasema, "Nisamehe, mama. Mzee nilimkumbuka palepale mlangoni, nikanyamaza. Lakini mimi hupita penye tepu, tena palipoambiwa panatosha."

Bi Mwantumu akawatazama mmoja mmoja, funguo mkononi, akashindwa.

Sasa ni zamu yenu, na asiniambie mtu kwamba hakuna mwenye kosa. Hilo ni jibu la mvivu. Wala msiniambie kosa ni la mama aliyeona haya, maana hilo hata yeye analijua. Bibi harusi keshavaa, gari linasubiri dereva. Je, wewe ungeamua vipi? Funguo ungempa nani? Na ukishampa, nijibu na hili: kesho asubuhi, Bi Mwantumu akaweke kidole wapi?