Jina la Zimwi na Meno ya Mwajabu

Hata maharage hamjaniacha nimalize kuchambua, mwataka niwatambie ngano. Haya, kaeni.

Zimwi lilimmeza mama wa Mwajabu na mdogo wake Chausiku. Ukilitaja jina lake, linatapika. Ukikosea, linakung'oa jino. Jina alilijua Chausiku tu, yule mdogo mwenye kigugumizi.

Akaanza, "Ma... ma..."

"Makamasi," dada mtu akadakia. Jino likang'oka.

"Ma... ma..."

"Matege." La pili likang'oka.

"Da-dada, ningoje."

Mwajabu akafumba mdomo wenye damu, akangoja. Zimwi likapiga miayo, yeye anangoja.

"Ma... ma... Makengeza."

Zimwi likamtapika mama mzima. Mwajabu akatangulia kijijini kifua mbele, akimtangaza mdogo wake, na yale meno mawili hayakuota tena.