Nani Aongoze Kayaki za Bi Nasra?

Sogeeni, lakini msibanane. Kisa hiki ni cha watu watatu waliokuwa hawaaminiani, na mimi ninayekisimulia siwaamini hata mmoja wao mpaka leo. Tegeni masikio, maana mwishoni nitataka hukumu yenu, na sitamkubalia mtu jibu la "sijui".

Kwenye pwani ya Omani, kule ambako mchanga wa jangwa unashuka mpaka unagusa maji, palikuwa na mama mmoja akiitwa Bi Nasra. Ukoo wake ulirudi zamani kutoka Unguja, na Kiswahili hakikuhama nyumbani kwake hata siku moja. Kazi yake ilikuwa kuwatembeza wageni baharini kwa kayaki, ile mitumbwi myembamba ya plastiki ambayo mtu hukaa ndani yake akapiga kasia kushoto na kulia. Safari yake kubwa ilikuwa ya siku nne. Njia nzima hakuna kisima wala kijiji, na siku ya tatu kuna majabali yaliyosimama wima ambapo kwa saa tano hupati hata mahali pa kuteremka. Hapo kiongozi akisema turudi, watu lazima warudi. Wakianza kubishana, upepo hauwangoji wamalize.

Mwaka huo bega la Bi Nasra lilimgomea, na daktari akampiga marufuku kushika kasia. Akawaita wasaidizi wake watatu.

"Mmoja wenu ataongoza safari hii," akawaambia, "na atakayeongoza hii ataongoza zote. Tayarisheni vyombo. Mie nawatazama."

Alidhani atatazama peke yake. Kumbe kuanzia saa ile kila mmoja alianza kuwatazama wenzake.

Wa kwanza, Thuwein, kipawa chake kilikuwa pua. Alikuwa akifungua dumu la maji na kukwambia ni ya jana au ya juzi, na hakosei.

Wa pili, Raya, kipawa chake kilikuwa macho. Ukikisogeza kikombe chake kwa upana wa kidole, akirudi atakuuliza ulikuwa unatafuta nini.

Wa tatu, Ghaniya, kipawa chake kilikuwa kutosadiki. Ukimwambia chai ni ya moto, anatia kidole. Mamake alikuwa akisema mtoto huyu alipojifunza kuhesabu, alivihesabu vidole vyake mara mbili ili ahakikishe hakuna aliyemwibia.

Bi Nasra alikuwa na desturi yake. Kila kayaki ina vyumba viwili, cha mbele na cha nyuma, vya kuwekea maji ya kunywa, chakula na mahema. Vyumba hivyo vikiwa vikavu, kayaki inaelea. Vikiingia maji, inazama polepole na mwenyewe ndani. Kwa hiyo kila kifuniko kina mpira wa kuzuia maji, na Bi Nasra akishakikagua hukifunga kwa uzi mwekundu. Uzi ukishafungwa, mkono wa mtu haugusi tena mpaka asubuhi ya kupakia. Jumamosi alikagua kayaki zote tisa, akafunga nyuzi, zikaingizwa kwenye banda la mabati. Safari ilikuwa Jumamosi ya pili yake. Funguo za banda walikuwa nazo wale watatu na Ami Muhsin, shemeji yake Bi Nasra, mzee aliyekuwa akifagia humo na ambaye hakuna aliyemtia kwenye hesabu.

Jumapili Thuwein aliingia bandani kuchukua jaketi za kuelea. Akasimama mlangoni, pua juu.

"Humu mna mafuta ya papa," akasema.

Raya akacheka. "Unaishi na wavuvi, halafu unashangaa kunusa papa?"

"Si papa wa kuliwa. Haya ni yale mafuta wanayopaka mashua za mbao. Sisi tuna mashua ya mbao hapa?"

"Basi pengine umeyaingiza wewe," akadakia Ghaniya, "ili uonekane una pua."

Thuwein akabeba jaketi zake akatoka. Lakini aliona Raya amecheka haraka mno, na neno hilo likamkaa kifuani.

Raya naye, pamoja na kicheko chake, Jumatatu alirudi bandani peke yake. Akainama kwenye kayaki moja moja. Bi Nasra siku zote hufunga mafundo mawili. Haya yalikuwa matatu. Kayaki zote tisa, mafundo matatu matatu. Akayapiga picha kwa simu, kisha akatoka akawakuta wenzake ufukweni.

"Nyuzi zimefunguliwa zikafungwa tena," akasema. "Mwenye ufunguo ndiye aliyefungua. Mie sikufungua. Basi ni mmoja wenu."

"Mtu anayeliona kosa upesi hivyo," akajibu Thuwein, "huenda alikuwepo lilipokuwa likitendeka."

Ghaniya aliwasikiliza wote wawili na hakumwamini hata mmoja. Harufu ni maneno, fundo ni maneno. Akashawishika kwamba wenzake wamepanga kumtisha ili ajiondoe. Alhamisi asubuhi akakata uzi wa kayaki moja, akaipakia madumu sita ya maji, akaisukuma baharini bila kumuaga mtu. Akapiga kasia saa nzima, akailaza ubavu, akaiinua, akailaza tena. Aliporudi na kufungua kifuniko, chumba cha nyuma kilikuwa kimejaa maji hadi nusu. Akaubonyeza ule mpira. Ulikuwa umelegea kama unga wa mandazi uliozidishwa maji. Akafungua kayaki ya pili, ya tatu, mpaka ya tisa, na mipira yote ilikuwa imeharibika vivyo hivyo.

Fikirieni sasa. Wageni sita na wasaidizi watatu, siku ya tatu, chini ya yale majabali, na kayaki zote tisa zinakunywa maji.

Bi Nasra aliwakalisha barazani mchana ule ule. Zikaanza kelele. Thuwein akamnyooshea kidole Raya, Raya akamnyooshea Thuwein, Ghaniya akawanyooshea wote wawili. Kila mmoja alikuwa na sababu zake, na kwa kweli zote ziliingia akilini. Mimi ningekuwepo ningewafukuza wote.

Ndipo Ami Muhsin akaegemeza ufagio wake ukutani.

"Mie ndiye niliyeipaka," akasema.

Wote wakamgeukia.

"Umepaka nini, shemeji?" Bi Nasra akauliza.

"Mafuta. Miaka arubaini nimepaka mbao za mashua mafuta ya papa, na jua halijapasua hata moja. Niliiona ile mipira inakauka kwa joto la mabati, nikaihurumia. Nilikupeni heshima yenu nikafunga tena nyuzi. Na lau mngetia mipira mipya leo, wallahi kesho ningeipaka tena."

Mzee wa watu alikuwa akilia. Alikuwa amezijua mbao umri wake wote, na hakuna aliyemwambia kwamba mafuta yanayouhifadhi ubao huulegeza mpira.

Mipira ya akiba ilikuwepo. Wakaosha vifuniko kwa sabuni, wakaitia mipya, na Ijumaa mchana wakajaribu kayaki zote tisa. Hata tone halikuingia. Mafuta yakatolewa bandani. Wageni wakafika baada ya alasiri. Likabaki jambo moja tu, na Bi Nasra alikuwa na filimbi yake ya uongozi mkononi.

"Bila pua yangu, nani angejua kwamba kuna kitu?" akasema Thuwein.

"Bila macho yangu," akasema Raya, "harufu yako ingebaki harufu ya kijiji. Mie ndiye niliyeonesha kwamba kayaki zenyewe zimeguswa."

"Na bila mie," akasema Ghaniya, "mngekuwa na harufu na mafundo, halafu mkafa maji nayo."

Bi Nasra akawatazama kwa zamu.

"Thuwein, ulinusa Jumapili. Mbona hukuniambia?"

Thuwein akainamisha kichwa. "Nilikuwa nangoja Raya ajikamatishe mwenyewe."

"Raya, picha ulikuwa nazo tangu Jumatatu."

"Nilikuwa naziweka mpaka siku ya uchaguzi, Bi Nasra. Nilitaka kumwangusha Thuwein mbele yako."

"Na wewe Ghaniya, ulikata uzi wangu bila ruhusa, ukaingia baharini peke yako na chombo unachokishuku. Lau kingezama?"

Ghaniya alimtazama bila kupepesa. "Ningekuambia, ungenikataza."

"Ningekukataza," Bi Nasra akakubali.

Hapo alishindwa. Kutoaminiana kwao ndiko kulikowaokoa wageni. Na kutoaminiana huko huko kungeweza kuwazamisha, maana siku ya tatu ya safari mmoja atapuliza filimbi chini ya majabali, na wawili waliobaki watajiuliza ana lake gani.

Mimi sitawaambieni alimpa nani. Nimekisimulia kisa hiki pengi, na kila mahali watu wamegombana. Wako wanaosema Thuwein, kwa kuwa alianza. Wako wa Raya, kwa kuwa alithibitisha. Wako wa Ghaniya, kwa kuwa aliingia majini. Na safari moja bibi mmoja alisimama akasema kwamba katika baraza lile aliyesema kweli bila kuulizwa ni mmoja tu, naye ni yule mzee mwenye ufagio. Watu walimcheka, lakini mimi sikucheka.

Basi zamu yenu. Alfajiri imefika, kayaki tisa zimepangwa ukingoni mwa maji, na katika wageni sita mmoja ni mwanao wa kumzaa. Bi Nasra amekupa filimbi wewe uikabidhi. Je, ungemvisha nani, na je, ungemwacha mwanao amfuate?