Mwalimu Dhakwani na Neno Alilotakiwa Kulisema

Imepokewa kwa waliotutangulia, na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi wa mambo yao, kwamba katika mji wa Nahruba, uliopakana na jangwa, aliishi mwalimu wa chuo aitwaye Dhakwani bin Labidi. Hakuwa mwanazuoni wa kufungiwa safari. Alikuwa mtu wa sauti ndogo na ndevu chache, kazi yake kuwasomesha Qur'ani watoto wa wachungaji na wahunzi, na mkewe, Bi Hunayda, akiwasuka nywele mabinti waliofika chuoni hawajachanwa. Hawakujaaliwa mtoto. Mwenyewe alikuwa akisema, "Mola amenipa wa mji mzima, nitake nini tena?"

Walimu wa Nahruba hawakutoza ada. Bibi mmoja mcha Mungu, aliyefariki zamani, aliwaachia mashamba ya ngano na mitende yawe wakfu wao, na kila mwezi ulipoandama waligawiwa unga, tende na mafuta mlangoni mwa msikiti mkuu. Hiyo ndiyo riziki yao, na ilikuwa haki yao. Haikuwa sadaka ya mtu.

Kisha akaja Amiri mpya, mtu aliyependa kusifiwa kuliko alivyopenda kusikia adhana. Akautia mkononi wakfu ule, na akatangaza kwamba hakuna mwalimu atakayepewa posho mpaka asimame mlangoni mbele ya watu na aseme: "Naamini kwamba Amiri hakosei, na mwenye kumtilia shaka ameitilia shaka dini yake." Astaghfirullah! Wema waliotangulia walikuwa wakilia usiku kucha kwa kuyaogopa makosa yao, na huyu anataka kutangazwa kuwa hana hata moja.

Walimu wakaenda, mmoja mmoja, wakasema. Miongoni mwao alikuwamo Mwalimu Uqba, rafiki wa Dhakwani tangu utoto. Alisema harakaharaka, kama mtu anayemeza dawa chungu, akidhani yatakwisha hapo. Lakini vyuo vya mji ule vilikuwa na desturi yao: mwalimu hutamka, na watoto huitikia alilotamka, neno kwa neno, kwa sauti moja. Ndivyo walivyofundishwa kila siku ya Mungu. Hata mwalimu akipiga chafya akamshukuru Mola, chuo kizima humshukuru pamoja naye. Basi baadhi ya watoto wa Uqba walikuwa wakicheza pale uwanjani, na waliposikia sauti ya mwalimu wao wakasimama wima, wakaitikia neno lile lote, kwa sauti nzuri iliyonyooka.

Wakili wa Amiri, aliyekuwa akigawa posho, alifurahi mno. Akaamuru kwamba tangu siku ile kila mwalimu aje na watoto wake. Uqba akabeba mfuko wake wa unga, akaondoka akitazama chini.

Dhakwani hakwenda. Mwezi ule akala alichokuwa nacho, na uliofuata akala walichomletea majirani. Ndipo mpiga mbiu alipopita akisema kwamba atakayemlisha mwalimu mkaidi atahesabiwa naye ni mkaidi. Majirani wakaanza kupita njia nyingine. Na balaa haliji peke yake: Bi Hunayda akapatwa na homa, na homa ilipomtoka nguvu hazikurudi. Tabibu alimtazama akasema, "Huyu hana maradhi tena. Dawa yake ni uji wa ngano wenye mafuta." Ndani hamkuwa na ngano wala mafuta, mlikuwa na tende kavu chache walizokuwa wakizilowesha.

Uqba akaja kumzuru.

"Ndugu yangu," akamwambia, "mkono usioweza kuukata, ubusu. Mola amemsamehe aliyelazimishwa, maadamu moyo wake umetulia juu ya imani. Sema kwa ulimi, moyo wako mwachie Mola wako. Mkeo anakwisha, Dhakwani, huoni?"

"Naona," akasema Dhakwani, na machozi yakamtoka. "Na ruhusa hiyo naijua. Nilikuwa naiogopa tu."

Uqba alipokwenda zake, Dhakwani akakaa kitandani kwa mkewe, akamwuliza, "Bi Hunayda, wasemaje? Niende?"

"Bwana wangu, wewe ndiye mwalimu," akajibu. "Mimi nimechoka tu."

Hakusema nenda, wala hakusema usiende. Dhakwani akanuia kwenda, na wala hatumlaumu. Nani kati yetu ambaye angekaa?

Mwezi ulipoandama, akatoka na watoto wake asubuhi mpaka mlangoni mwa msikiti. Watu walikuwa wengi siku hiyo, maana habari ilikuwa imeenea kwamba mkaidi amekubali. Wakili akaufungua mfuko wa unga mbele yake ili auone. Dhakwani akageuka kuwatazama wanafunzi wake. Walikuwa wamejipanga kama wanavyojipanga chuoni, mikono kifuani, wakimngoja. Mbele yao alisimama binti mmoja, Rayta, aliyeanza kusoma juzijuzi. Huyu alikuwa na tabia ya kufumba macho mwalimu anapotaka kutamka, asije akapotewa na herufi. Alikuwa ameshafumba.

Dhakwani akaona kwamba ruhusa ile ni ya ulimi wake yeye, aliyeujua uongo kuwa ni uongo. Watoto wale walikuwa hawajui. Wangelipokea neno kama walivyopokea Alhamdu, na wangekwenda nalo mpaka kaburini.

Akainua mkono. "Watoto, leo msiitikie," akasema.

"Watoto, leo msiitikie!" wakaitikia wote.

Watu wakacheka, hata askari wakacheka. Mwalimu mwenyewe nusura atabasamu, kisha uso ukamsawijika. Alijua sasa kwamba hana neno la kulisema pale likabaki lake peke yake. Akautazama ule unga, akautazama kwa muda mrefu.

"Siwezi," akasema.

"Siwezi!" wakasema watoto.

Kicheko kikakatika. Wakili akaruka akasema, "Umewafundisha uasi!" Dhakwani akamjibu kwa upole, "Hawa huitikia tu, bwana. Neno ni langu, na adhabu yake ni yangu." Akapigwa mijeledi palepale na kutiwa gerezani, na chuo chake kikafungwa.

Alipofunguliwa alikuta mlango wa nyumba yake umeegemezwa jiwe. Bi Hunayda alikuwa ameshazikwa. Jirani yake, mjane aitwaye Bi Lubaba, alitoka akampa mkono wa rambirambi. Dhakwani akamwomba kwa jina la Mola amwambie yote, asimfiche kitu kwa kumhurumia.

"Aliniuliza kama ulilisema," akasema Bi Lubaba. "Nikamwambia hukulisema. Akasema, 'Alhamdulillahi.' Kisha akasema, 'Lakini nilikuwa nautaka uji, Lubaba.' Nikakimbia nyumbani nikabandika. Ulipoiva, alikuwa ametangulia."

Dhakwani akaketi pale kizingitini akalia mpaka ndevu zikalowa. Uqba naye alikuja matangani, akasimama nje akiona haya kuingia. Dhakwani akatoka akamshika mkono. "Ingia, ndugu yangu," akamwambia. "Wewe ulichukua ruhusa aliyoitoa Mola. Mimi sijui siku ya Kiyama nitamwambia nini Hunayda."

Baada ya muda Amiri yule aliuzuliwa, wakfu ukarudi kwa wenyewe, na Dhakwani akaitwa apokee posho yake yote iliyozuiwa. Akaipokea, maana ujira wa mwalimu ni haki. Akafungua chuo na akafundisha mpaka uzeeni. Lakini kila alipohimizwa asimulie habari ya subira yake, alikuwa akisema, "Mwulizeni Bi Lubaba. Aliyesubiri ni mke wangu."

Enyi waja wa Mungu, kisa hiki husomwa sana, na kila kinaposomwa watu husema, "Masha Allah, subira iliyoje!" Ni kweli. Mola awarehemu wote wawili. Lakini mimi kila nikikisoma huuwaza mji ule. Kila nyumba ya Nahruba ilikuwa na unga siku ile Hunayda alipoutaka uji, na jiko la Bi Lubaba lilikuwa na moto tangu asubuhi. Uji ni kitu cha muda mfupi kupikwa. Hunayda alikufa katikati ya watu waliokuwa wakiisifu imani ya mumewe kwa sauti ya chini, milango yao imefungwa. Mola atusamehe, na wale tunaowasifu leo kwa subira yao, atujaalie kwanza tujue kama wamekula.