Kompyuta Isiyozimwa

Hapo zamani, si ile ya wanyama kusema, zamani ya juzi tu, walikuwapo vijana watatu waliotaka kompyuta ya kuchezea gemu, na mifuko yao imetoboka. Wakapatana: kila mtu alete alichonacho, na atakayeifanya ifae zaidi ndiye atakayekaa nayo kwake.

Kibwana akaleta kadi ya picha, ile inayochora gemu kwenye kioo. Aliinunua kwa Bi Hidaya, ambaye mwanawe, Mwinjuma, alikuwa amepotea tangu masika. Bi Hidaya hakumficha. "Ni ya mwanangu, baba. Mafundi wameirudisha. Wanasema inaonyesha kivuli kama cha mtu, halafu inazimika. Nimekwambia, usije ukanilaumu."

"Mama, kwa bei hii hata ikionyesha jini naichukua."

Sikudhani akaleta pawasaplai ya maana, ile inayogawa umeme ndani ya kompyuta. Kibwana akamcheka. "Dada, hela zote umetia kwenye kitu kisichoonekana?"

"Cheka tu. Ningeleta ya bei chee, tukiwasha tu tungenusa moshi!"

Mndeme, wa tatu wao, akaleta ufundi wake, akaunganisha nyumbani kwake. Wakawasha mchana kweupe.

Wakafungua gemu ya magari. Kando ya barabara, kijana wa shati la njano amekaa juu ya mawe. Wakafungua ya mpira. Yumo, nyuma ya goli, mawe yale yale. Wakafungua ya vita. Yumo, na safari hii amegeuza uso.

Sikudhani akakisogelea kioo. "Ni Mwinjuma."

Mndeme akaonyesha mtambo wenye kutu nyuma ya kijana. "Pale ni machimbo ya zamani ya kokoto. Twendeni!"

Wakamkuta amekaa vile vile, mdomo umepauka, yu hai. Wakamleta kwa Mndeme, wakamwita mama yake. Bi Hidaya alilia mpaka sauti ikakauka.

Hapo ugomvi ukaanza.

"Kompyuta yangu," akasema Kibwana. "Bila kadi yangu, nani angemwona?"

"Kadi iliyowashinda mafundi?" Sikudhani akafoka. "Umeme wangu ndio uliomleta!"

"Nyie mliona picha," akasema Mndeme. "Aliyejua ni wapi ni mimi."

Mwinjuma akainua kichwa. "Msiizime. Ilipowaka ndipo nilipopata pumzi."

Kibwana akacheka, akabonyeza swichi.

Kioo kikawa cheusi. Kifua cha Mwinjuma kikasimama. Hakuanguka. Alibaki amekaa, macho wazi, kama picha. Bi Hidaya akapiga ukelele. Sikudhani akairukia swichi, feni zikazunguka, na kijana akavuta pumzi ndefu. Kwenye kioo bado alikuwamo, juu ya mawe yake, anawatazama.

Hakuna aliyedai tena.

"Ikae kwa Sikudhani," akasema Kibwana kwa sauti ndogo. "Si umeme wake ndio uliomleta?"

"Kwetu umeme hukatika kila mara! Na kadi ni ya nani, Kibwana? Sema!"

"Mimi nilijua mahali tu," akasema Mndeme. "Iondoeni nyumbani kwangu!"

Bi Hidaya akanyoosha mikono. "Nipeni mimi. Ni mwanangu."

Mwinjuma akatikisa kichwa polepole. "Mama, wewe ndiye uliyeniuza pamoja na ile kadi."

Taa ikafifia, ikarudi.

Haya, mliokaa hapo, semeni waziwazi, na semeni upesi: kati ya hao wanne, nani alistahili kukaa na kompyuta ile?