Sabuni, Mbambakofi na Mistari Miwili Myekundu

Hapo zamani, wala si zile zamani za wanyama kusema, ni zamani za juzijuzi tu, palikuwa na kijiji kiitwacho Vidimbwini, ambako watu huvuna chumvi. Huyaingiza maji ya bahari kwenye vidimbwi, jua likayakausha, chumvi ikabaki. Nawaambia mapema: nikimaliza nitawauliza jambo, na sitaki jibu la haraka. Majibu ya haraka nimeshapewa mengi, na hakuna mawili yaliyofanana.

Kijijini hapo waliishi Ngumbao na mkewe Kadzo. Hawakujaliwa mtoto. Walichokuwa nacho ni pikapu kuukuu iliyobeba magunia ya chumvi miaka ishirini. Na chumvi haina shukrani, ndugu zangu. Kila gunia lilichuruzika, maji yakashuka chini, na chini ya gari kuna mihimili miwili ya chuma, wa kushoto na wa kulia, iliyobeba kila kitu. Mafundi huiita chasisi. Kutu ikaanza kuila kwa ndani, mahali ambapo jicho halifiki.

Ngumbao aliambiwa na mlango. Akipakia magunia, mlango wake haufungi. Akishusha, unafunga. Akipakia, haufungi, akishusha, unafunga. Mtu mwingine angeupiga teke akaenda zake. Ngumbao alikuwa mwoga, na woga wake hakuuficha. Akatafuta fundi.

Wa kwanza alikuwa Mwaringa, fundi wa kuchomelea vyuma. Alilala chini ya gari, akagonga kwa nyundo, kutu ikammwagikia kifuani kama majani ya chai. Akatoka, akajikung'uta.

"Sichomelei," akasema. "Moto ukigusa chuma hiki kitatoboka zaidi. Gari hili limekwisha, Ngumbao. Liweke juu ya mawe, kuku watagie humo."

Ngumbao alimsihi, Mwaringa akakataa. Lakini hakuwa mtu mbaya, alikuwa mkavu tu. Akachukua rangi nyekundu, akachora mstari nyuma ya kibanda cha dereva, na mwingine kwenye bodi ya mizigo, ikakutana ukadhani ni mstari mmoja. Akamwambia kwamba siku mistari hiyo ikipishana kwa upana wa kidole, ashuke papo hapo, asiende hata hatua moja.

Wa pili alikuwa Kalume, seremala wa vitanda na milango. Alicheka alipoombwa, maana hajawahi kutengeneza gari. Lakini aliuchungulia mhimili wa kushoto, ulioliwa zaidi, akasema kitu chenye uwazi ndani kinaweza kujazwa. Akachonga mti mgumu wa mbambakofi, akauloweka katika oili chafu siku saba, akaupigilia ndani ya mhimili mpaka kikabaki kichwa tu. Kisha akaufunga kwa mikanda ya tyubu ya lori, mzunguko juu ya mzunguko. Ngumbao akapakia magunia. Mlango ukafunga.

"Wa kulia bado una nguvu kidogo," Kalume akasema. "Nikipata mbambakofi mwingine nitaujaza nao."

Mbambakofi mwingine haukupatikana. Mwezi ukapita, na wa pili, na wa tatu. Kila alfajiri Ngumbao alitambaa chini ya gari, akauchokoa mhimili wa kulia kwa bisibisi, akatoka na vidole vyekundu. Uji ukampoa mbele yake. Akaacha kubeba watu kabisa, akawa anabeba chumvi peke yake, tena magunia manne.

Wa tatu alikuwa Kadzo, mkewe. Msinune, mimi ndiye ninayesimulia. Ngumbao alikwenda kwenye matanga ya mjomba wake, siku tatu. Kadzo akachukua magazeti, sabuni ya mche na saruji kidogo. Akazijaza tundu zote za mhimili wa kulia, akalainisha kwa mgongo wa kijiko, akapaka lami nyeusi juu. Mumewe aliporudi, alimwambia alipita fundi kutoka mjini akachomelea. Ngumbao akatambaa, akagonga, akasikia kitu kizima. Siku hiyo alikula sahani mbili za wali na kusinzia kitini. Kadzo alimtazama akafurahi sana, akaogopa kidogo.

Masika yakaingia. Vidimbwi vikafurika, malori ya chumvi yakaacha kuja. Adhuhuri moja mkunga alifika kwa Ngumbao mbio, kanga imemwangukia mabegani. Dhahabu, mvuna chumvi, alikuwa na uchungu tangu jana. Mtoto amekaa vibaya. Bila hospitali watatutoka wote wawili, mama na mtoto. Na hospitali iko ng'ambo ya korongo, juu ya mlima.

Ngumbao akamtazama mkewe, akamuuliza jambo moja tu.

"Kadzo, chini ni pazima?"

Hapa ndipo ninapowaomba mtulie. Kadzo alijua kilichomo chini. Alimjua na mumewe: akiambiwa kweli, hatatia ufunguo. Akageuka akamwona Dhahabu analetwa na majirani juu ya mkeka, midomo imekauka.

"Ni pazima," akasema. Kisha akapanda nyuma, akakaa upande wa kulia, juu kabisa ya sabuni yake.

Wakaenda. Kwenye tambarare gari lilikwenda vizuri. Wakaingia korongoni, maji yamefika nusu ya magurudumu, mawe chini. Gurudumu la kulia likapanda jiwe, likashuka, pakasikika kitu kukatika. Mlango wa Ngumbao ukafunguka wenyewe. Akatazama nje, akaona povu. Povu jeupe, povu la kufulia, linatoka chini ya gari lake na kufuata maji. Akaelewa yote kwa mara moja. Akaendelea kukanyaga mafuta, kwa sababu katikati ya maji hakuna pa kusimama. Upande wa kulia ulikuwa hewa. Gari zima lilining'inia kwenye mbambakofi wa Kalume, nao ulilia kama kitanda kibovu, ukalia, ukalia, lakini haukukatika. Wakapanda ukingo wa pili.

Chini ya mlima Ngumbao aligeuka kutazama nyuma. Mistari myekundu ilikuwa imepishana kwa upana wa kidole. Mkunga alimsihi aendelee, paa la hospitali linaonekana, ni mwendo mdogo tu. Ngumbao akakumbuka neno la Mwaringa, akakanyaga breki.

"Shukeni," akasema. "Wote."

Mlango uliokuwa ukining'inia waliuvuta mara moja ukang'oka, maana hata bawaba zilikuwa kutu. Wakamlaza Dhahabu juu yake, wakaubeba mabegani. Hawajafika hatua ishirini, nyuma yao gari likakatika katikati, bodi ikateleza ikarudi korongoni. Mkunga alitazama mahali alipokuwa amelala Dhahabu, akashikwa na kwikwi mpaka juu.

Mtoto akazaliwa salama, wa kike. Mama naye akapona.

Sasa, Vidimbwini wana desturi. Mtoto hatolewi nje mpaka siku ya arobaini. Siku hiyo hupokewa mlangoni na mtu mmoja, akamtoa juani kwa mara ya kwanza, na mtu huyo huwa mzazi wake wa pili mpaka kufa. Ni mtu mmoja. Hawagawanyi. Dhahabu akasema mtoto wake atapokewa na yule aliyemfikisha hospitali. Lakini aliyemfikisha ni nani?

Kwa siku zile zote Ngumbao hakusema na mkewe. Siku ya arobaini wakaja uani kwa Dhahabu, wote wanne.

Mwaringa akasema, "Nyote mlilidanganya gari, mimi peke yangu sikulidanganya. Bila mistari yangu mngepanda mlima, mkatumbukia korongoni na mama na mtoto."

Kalume akasema, "Mwenzangu alichora, mimi nilibeba. Bila mti wangu msingevuka maji. Na angesikilizwa yeye, gari lingekuwa banda la kuku, na Dhahabu tungekuwa tumeshamzika."

Mwaringa akamjibu kwamba gari lilikuwa maiti, na mti huo ndio uliomfanya atembee. Kalume akamjibu kwamba maiti huyo alitembea mpaka hospitali. Hapo watu wakacheka.

Kadzo hakuja kudai, alisimama nyuma. Dhahabu mwenyewe ndiye aliyemwita. Akasema kwa sauti ndogo, "Nilisema uongo mara mbili. Wa kwanza ulikuwa ili mume wangu ale. Wa pili nilikuona wewe, nikajua akisikia kweli hatatoka. Nikapanda ili tukifa, nife na mimi. Nilimtia mume wangu hatarini bila kumuuliza, na mtoto huyu vilevile. Sijui niombe radhi au niombe mtoto."

Watu wakamgeukia Ngumbao. Gari lake, usukani wake, breki yake. Wengi walidhani atajidai yeye.

"Msinipe mimi," akasema. "Siku ile mlidhani nina ujasiri. Ilikuwa sabuni. Ningejua, nisingeenda. Nimekuwa nikiwaza hilo siku arobaini, na sijui nimkasirikie mke wangu au nijikasirikie mimi." Ndipo akamtazama Kadzo usoni, kwa mara ya kwanza tangu korongoni.

Dhahabu akasimama kizingitini, mtoto amefunikwa kanga mpya. Jua lilikuwa limefika hatua moja mbele ya mlango. Mwaringa akanyoosha mikono, iliyosema kweli ikakataa kazi. Kalume akanyoosha mikono, iliyofanya kazi ikaiacha nusu. Kadzo hakunyoosha yake. Aliificha chini ya leso.

Mtoto analia, anataka kutoka. Wewe uliyekaa karibu na mlango, najua unamtaka fundi, na wewe unayefuta macho najua unamtaka nani. Lakini mtazameni kwanza yule mtoto, ambaye angebebwa na kweli tupu asingefika, na angebebwa na uongo mtupu asingefika. Haya, semeni: Dhahabu amweke mikononi mwa nani?