Sauti ya Mama Nungunungu

Hii nimetumiwa leo asubuhi, nikaona si haki nikae nayo peke yangu.

Huko Uswidi alikuwepo mwigizaji aitwaye Gunvor Sellberg. Ujanani sura yake ilipamba kuta za majumba ya sinema. Umri ulipokwenda simu zikaacha kulia, naye akahamia kwenye kutia sauti katuni.

Kule, filamu za wakubwa zikitoka nje huachwa na lugha yake, watu wakasoma maandishi chini ya picha. Zinazotiwa sauti ni za watoto, maana hawajajua kusoma. Kwa hiyo waigizaji wenye majina waliidharau kazi ile. Walisoma maneno harakaharaka wakaenda zao.

Gunvor alikataa kulipua kazi. Kwa miaka zaidi ya ishirini yeye ndiye aliyekuwa sauti ya Mama Nungunungu kwenye katuni. Nungunungu akipanda kilima, Gunvor alipanda na kushuka kiti mpaka akahema kwelikweli. Nungunungu akimbembeleza mwanawe, Gunvor alipiga magoti mbele ya kipaza sauti, amekumbatia koti lake.

"Unajichosha bure, nani anakuona humu?" mwenzake alimtania.

"Haonekani mtu, lakini mtoto atasikia," alijibu. Wakamcheka mpaka basi.

Mwaka mmoja, mwongozaji mkubwa, Ragnar Hedin, alitafuta mwigizaji wa kuwa bibi kwenye filamu yake. Gunvor aliitamani nafasi ile kuliko kitu chochote. Akaenda kujaribiwa.

"Samahani mama, watu wameshakusahau," Ragnar alimwambia.

Nafasi akapewa nyota mwingine. Gunvor alilia garini, kisha akarudi kwa nungunungu wake.

Siku ya kupiga picha, binti mdogo aliyeigiza mjukuu, jina lake Tuva, aligoma kabisa. Kila alipopakatwa na yule nyota aliangua kilio. Mwishowe nyota akavua shali, akaitupa chini.

"Mtoto huyu simwezi! Tafuteni mwingine!" Akaondoka moja kwa moja.

Ragnar alishika kichwa. Filamu ilikuwa inamfia mikononi.

Chumba cha kutia sauti kilikuwa katika jengo lilelile. Gunvor alikuwa anakwenda kunywa chai aliposikia kilio, akasimama mlangoni.

"Nani anamliza mtoto wa watu?"

Tuva alinyamaza palepale. Akamtazama yule mama mwenye mvi, ambaye hakuwahi kumwona maishani.

"Mama Nungunungu!" Akakimbia, akamrukia.

Wapiga picha, wanaume wazima wenye ndevu, wakaanza kupiga makofi. Nao walikuwa wamelelewa na sauti hiyohiyo. Jamani, hata mimi niliposoma hapo nilijivuna kana kwamba ni shangazi yangu.

"Mama Gunvor, nafasi ni yako," Ragnar alisema. "Tuanze sasa hivi."

"Nitakuja nikimaliza. Mwanangu nungunungu amepotea msituni, bado sijampata."

Ragnar, ambaye hakuwahi kumsubiri mtu, alivuta kiti akakaa nje ya mlango wa chumba cha kutia sauti, akimsubiri.

Funzo: Kazi wanayoidharau watu usiifanye nusunusu. Yupo anayeipokea kwa moyo wote, na kwake wewe ndiye nyota.